Mipini sita ya patasi kwa mbao za Australia: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilitokea Perth, Australia Magharibi. Majina, mtaa na alama nyingine za kumtambulisha mtu nimeziondoa. Mwenye patasi amekubali kiandikwe, na vipimo vyote vimetoka kwenye daftari lake na langu.

Usuli

Mwenye patasi ni seremala wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo, aliyejifunza kazi akiwa kambini Tanzania kabla ya kuhamishiwa Australia. Kazi yake ya kila siku ni kufunga milango: kuchimba nafasi za bawaba, matundu ya vitasa na, pale fremu inapotengenezwa upya, matundu ya ulimi wa kuungia mbao. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefanya useremala maisha yangu yote, na Jumamosi nasaidia kwenye karakana ya jamii yenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao huku kisu kikiichonga. Yeye ananiita Mzee, mimi namwita mdogo wangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu heshima hiyo ilichangia kosa la kwanza.

Alinunua patasi sita kuukuu, zilizofuliwa Sheffield, Uingereza, kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani kwa marehemu mmoja. Upana wake ni milimita 6, 10, 12, 18, 25 na 38. Chuma kilikuwa kizuri ajabu. Ukikinoa kinashika makali hadi jioni. Mipini ndiyo ilikuwa imekwisha: miwili imeliwa na wadudu, mmoja wa plastiki umepasuka, mingine haipo kabisa. Patasi tano kati ya hizo ni za msuka, yaani chuma kinachongoka na kuingia ndani ya mpini kama kwenye kisu au jembe. Ile ya 38 ni ya kikombe: chuma chenyewe kina shimo, na mpini ndio unaoingia ndani yake, kama mkuki wa zamani.

Mipini mipya ya dukani ipo, lakini mingi ni ya mbao kutoka nje. Yeye alitaka mbao za hapahapa. Aliniambia, "Mzee, kutwa nzima nachonga jarrah. Nataka na mkononi nishike mti wa nchi hii." Niliona ni sababu nzuri kuliko hata ya bei.

Mbao tulizokuwa nazo

Tangu mwanzo wa 2024 Australia Magharibi imesitisha ukataji wa kibiashara wa misitu yake ya asili, kwa hiyo fundi mdogo hutegemea sana mbao zilizokwisha kutumika na miti iliyoanguka kwenye viwanja vya watu. Sisi tulikuwa na aina nne.

Ya kwanza ni jarrah, mti mwekundu wa kusini-magharibi ambao jina lake limetokana na lugha ya Wanoongar, wenyeji wa eneo hilo. Ni jamii ya mikaratusi. Vipande vyetu vilitoka kwenye maboriti ya sakafu ya nyumba iliyobomolewa, vikiwa vimekauka kwa miongo mingi. Ya pili ni sheoak, iliyoangushwa na upepo uani kwa mteja mmoja, ikapasuliwa na kupakwa nta nchani miezi 14 kabla. Ya tatu ni nguzo ya ua kutoka mashambani, ya mti ambao Waaustralia wanauita raspberry jam, aina ya mgunga, kwa sababu ukiukata unanukia jamu ya matunda kweli kweli. Ya nne ni mabaki ya spotted gum, mbao ya New South Wales na Queensland inayouzwa huku kwa ajili ya kujengea baraza. Australia imeitumia kwa mipini ya mashoka tangu zamani.

Kwa uzito, jarrah kavu ina kama kilo 820 kwa mita ya ujazo, na raspberry jam inazidi kidogo 1,000. Kwa aliyezoea mpingo, hiyo ya pili inakaribia kuufuata mkononi, ingawa haiufikii.

Awamu ya kwanza: tulichagua kwa macho

Alichagua sheoak, nami nikakubali. Sheoak ikikerezwa inatoa madoadoa mapana yanayong'aa kama magamba ya samaki, na kila aliyeingia karakanani alisimama kuitazama. Kipima unyevu kilisoma asilimia 12 juu ya ubao. Tukaona imekauka.

Tulikereza mipini mitatu, ya patasi za 10, 12 na 25. Utaratibu wetu ulikuwa huu: tulikereza umbo kwanza, tukaingiza pete ya bomba la shaba shingoni ili mbao isipasuke, kisha tukabana mpini kwenye jiliwa na kutoboa tundu la msuka kwa drili ya mkono. Tundu moja, biti moja ya milimita 6, hadi mwisho. Msuka ukasukumwa kwa nyundo ya mbao mpaka ukagoma.

Nilipoishika ile ya 12 na kuitazama kwa urefu, niliona chuma kimeelekea kushoto kidogo. Tundu lilikuwa limehama kama milimita mbili kutoka katikati. Aidha, bega la patasi, ile sehemu pana ya chuma inayopaswa kukaa juu ya mpini, halikugusa mbao. Palibaki mwanya wa milimita moja na nusu. Niliamua kuuacha nikisema utajikaza wenyewe kazini. Huo ndio uamuzi uliogharimu zaidi katika kisa hiki, na ulikuwa wangu.

Wiki ya tatu alinipigia simu akiwa kazini. "Mzee, mpini wa kumi na mbili umepasuka. Nilikuwa natoboa nafasi ya kitasa kwenye mlango wa jarrah." Kibanzi kilimwingia kiganjani, si sana, lakini alipoteza nusu siku. Wiki hiyohiyo pete ya patasi ya 10 ilianza kuzunguka kwa kidole. Ile ya 25, ambayo yeye huisukuma kwa mkono tu bila kuigonga, haikuwa na tatizo.

Tulipoupasua mpini kutazama ndani

Kabla ya kutengeneza mwingine niliomba tuukate ule uliopasuka kwa msumeno, kwa urefu, tuone kilichotokea. Naomba fundi yeyote anayesoma hapa afanye hivyo kila chombo kinapovunjika. Ni kazi ya dakika kumi.

Ndani palionekana wazi. Msuka ni wa pembe nne. Karibu na bega kila upande una milimita 6, kwa hiyo toka pembe hadi pembe ni kama milimita 8.5. Kwenye tundu la milimita 6 pembe zilikuwa zimechimba mbao kwa nguvu pale juu, huku sehemu ya chini, ambako msuka unasinyaa hadi milimita 3, ikielea bila kugusa kitu. Mbao ilikuwa na weusi pale pembe zilipobana na safi bila alama pale chini. Ufa ulianzia kwenye pembe moja ya msuka na kufuata doa moja linalong'aa hadi nje, ukiwa umenyooka kama mstari wa rula.

Yale madoa ndiyo tuliyoichagulia sheoak, na ndiyo njia za kupasukia. Ni mistari mipana inayotoka kiini cha mti kwenda kwenye ganda, kama spoki za baiskeli, na mbao hupasuka juu yake kirahisi. Ndiyo maana walowezi wa mwanzo wa Australia Magharibi waliipenda sheoak kwa vigae vya kuezekea: unapiga panga na nyundo, kigae kinabanduka kimenyooka. Nami nilipaswa kulijua hili kabla ya kuambiwa na mpini, kwa sababu mvinje wetu wa pwani ni wa familia moja na sheoak. Nimekulia kwenye mivinje. Mtoto wa pwani aliyepasua kuni za mvinje anajua jinsi unavyopasuka wenyewe ukikauka.

Hata hivyo sheoak haikuwa chanzo. Chanzo ni ule mwanya wa bega. Bega likikaa juu ya mbao, pigo la nyundo linashuka kwenye mpini, linaingia begani, linakwenda kwenye makali. Bega likiwa hewani, pigo lote linashukia msuka, na msuka uliochongoka ni kabari. Kila alipogonga alikuwa anapasua kuni. Mbao yoyote ingeshindwa. Sheoak ilishindwa mapema.

Kuhusu pete iliyolegea, tulipima tena unyevu, safari hii kwenye uso mpya wa ndani: asilimia 17. Tulikuwa tumepima ngozi ya ubao badala ya moyo wake. Mbao ngumu nyingi hupungua upana kwa robo hadi theluthi ya asilimia moja kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Kutoka 17 hadi 10, ambako kiangazi cha Perth kinaweza kuufikisha mpini, shingo ya milimita 17 inapoteza karibu theluthi ya milimita. Inatosha kabisa kuiachia pete.

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo limenikaa. Siku ile ya kwanza aliweka kipande shavuni, akakisikia cha baridi. Kambini walikuwa hawana kipima unyevu, walipima kwa shavu: mbao mbichi ni baridi, kavu haina baridi. Alijua. Hakusema kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema imekauka, na mimi ni Mzee. Tangu siku hiyo nasema kila mara kabla ya kuanza, "Mdogo wangu, ukiona kitu sema kabla sijawasha mashine."

Awamu ya pili

Tulibadilisha karibu kila kitu, lakini nitakaa zaidi kwenye tundu, kwa kuwa kwenye patasi ya msuka kazi yote ipo hapo. Umbo la nje mtu analikereza apendavyo.

Mbao tuligawa kwa kazi ya kila patasi. Za 10 na 12, zinazogongwa kutwa, tulizipa raspberry jam. Ya 18 tuliipa jarrah. Ya 38 ya kikombe tuliipa spotted gum. Ya 25 ilibaki na sheoak yake. Ya 6 tuliiacha kwanza.

Nguzo ya ua ilihitaji subira. Tulipitisha sumaku na kukuta misumari miwili ya kushikia waya, tukaikata pembeni. Kisha badala ya kuupitisha msumeno tuliipasua kwa kabari, ili kila kipande kifuate nyuzi zake. Ukikata kwa msumeno unaweza kupata kipande kilichonyooka kwa macho huku nyuzi zikikatiza ubavuni, na mpini wa namna hiyo huvunjika kwa mshazari. Vipande tulivifuta kwa spiriti: inakauka haraka juu, lakini ndani ya ufa inabaki, na ufa unaonekana kama unywele mweusi. Kati ya vipande saba tulibakiwa na vitatu. Yeye alitaka kukiokoa cha nne kwa gundi, nikakataa, na bado naona nilikuwa sahihi. Gundi hufaa kwenye rafu, lakini mpini unaopokea nyundo mara mia kwa saa utaufungua ufa uleule.

Kisha tulitoboa kwanza na kukereza baadaye. Biti ilishikwa kwenye kichwa cha mashine ya kukereza, ikizunguka polepole. Kipande kilichochongwa mraba wa milimita 38 kiliwekwa alama ya kati pande zote mbili. Ncha ya nyuma ya mashine ikaingia kwenye alama moja na kukisukuma kipande kwenye biti, huku mkono ukikishika kisizunguke. Kwa namna hiyo tundu halina pa kukimbilia. Linatoka kati na kwenda kati.

Tundu tulilitoboa kwa ngazi: biti ya 4.5 hadi kina cha milimita 60, ya 6 hadi kina cha 40, ya 7.5 hadi kina cha 20. Msuka una urefu wa 55, kwa hiyo ncha haigongi chini. Kwa vipimo hivi pembe za msuka zinauma mbao sehemu tatu, juu, kati na chini, badala ya moja.

Baada ya hapo ndipo tulipokereza, mdomo wa tundu ukiwa umekaa juu ya koni ya ncha ya nyuma. Umbo la nje linazunguka tundu lenyewe, kwa hiyo chuma na mpini vinakuwa mstari mmoja hata kama jicho la fundi limechoka. Shingo ya pete ilipimwa kwa kalipa na kuachwa nene kwa moja ya kumi ya milimita kuliko ndani ya bomba, kisha pete ikagongwa kavu, bila gundi.

Raspberry jam iliteremka kwenye kisu ikitoa nyuzi ndefu za rangi ya asali iliyoungua, na karakana nzima ikanukia kama mtu anapika jamu. Harufu hiyo isimdanganye mtu avue barakoa. Vumbi la mbao limewekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani tangu miaka ya 1990, na mbao ngumu ndizo zenye ushahidi mkubwa. Tulivaa barakoa za daraja la P2, zinazochuja vumbi laini, na msasa tuliupiga karibu na mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi.

Kuvisha mpini tulifanya hewani. Msuka uliingia kwa mkono hadi bega likabaki milimita 6 juu ya mbao, tukaweka kipande cha ngozi katikati, kisha akashika mpini, chuma kikining'inia chini, akawa anagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Uzito wa chuma unakifanya kibaki nyuma na mpini ushuke juu yake. Baada ya mapigo tisa sauti ilibadilika kutoka "tok" kuwa "tak". Alisimama mwenyewe kabla sijamwambia. Bega lilikuwa limekaa kwenye ngozi pande zote nne.

Vanishi hatukupaka, kwa kuwa inalimbikiza jasho na kuleta malengelenge. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipakwa mara mbili, yanatosha. Matambara yake tuliyatandaza nje juu ya zege hadi yakakauka. Tambara la mafuta hayo likikunjwa na kutupwa pipani linaweza kuwaka moto lenyewe, na sijawahi kuona jambo hili likisemwa mara za kutosha.

Yeye aliomba nyongeza moja: akapiga randa ubavu mmoja wa kila mpini, upande ulio sambamba na uso wa patasi. Patasi haibingiriki mezani, na gizani chini ya ngazi kidole kinajua makali yameelekea wapi.

Hali baada ya miezi kumi

Patasi za 10 na 12 hazijahama hata kidogo. Pete zimekaza, hakuna ufa, vitako vimeng'aa tu kwa kugongwa.

Ya 18 ya jarrah imechanua kitakoni kama uyoga. Tulikubaliana nyundo ya mbao, lakini kazini mara nyingine iliyo karibu ni ya chuma. Tulikata milimita 8, tukavisha pete nyingine ya shaba juu. Inafanya kazi.

Ya 38 imechomoka mara mbili katika kiangazi. Spotted gum ina mafuta ya asili, inateleza hata kwenye vidole, na kikombe hushika kwa msuguano peke yake. Mara ya pili tulipaka masizi ya penseli ndani ya kikombe, tukaingiza mpini na kuuzungusha: ulichafuka kwenye duara moja tu, mdomoni. Koni yangu ilikuwa nene mno pale juu. Tuliikwangua kwa tupa, tukapaka tena, mara sita, hadi weusi ukaenea kuanzia mdomoni mpaka karibu na ncha. Haijachomoka tena, ingawa kiangazi kingine hakijafika.

Ya 25 ya sheoak ni nzima, inang'aa, na hataki hata kusikia habari ya kuibadilisha.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kutoboa kabla ya kukereza. Kilichofuata ni bega lililokaa. Nikiambiwa nichague kati ya mbao bora yenye bega hewani na mbao ya kawaida yenye bega lililokaa vizuri, nachukua ya pili bila kusita. Tulipoanza tulizungumzia ugumu wa mbao tu, na meza za ugumu zinavutia, lakini patasi ya 25 inaonyesha mbao inayopasuka kirahisi inadumu pale isipogongwa.

Kilichofeli kwangu ni kupima uso wa ubao, kuacha mwanya niliouona kwa macho, na kuchonga koni ya mpini wa kikombe kwa kukisia. Makosa yote matatu niliyafanya nikiwa na kifaa cha kuyazuia mezani. Kilichofeli kwetu wawili ni ukimya wa siku ya kwanza. Kuhusu nyundo ya chuma simlaumu. Mpini wa patasi ya kazini utakutana na nyundo ya chuma, na pete ya kitakoni ilipaswa kuwepo tangu mwanzo kwenye jarrah. Kwenye raspberry jam sidhani inahitajika.

Patasi ya sita

Ya milimita 6 bado haina mpini. Ni nyembamba, msuka wake ni dhaifu, na tunataka raspberry jam ya tawi changa lenye nyuzi zilizonyooka kuliko ile nguzo. Mkulima mmoja alitupa kipande baada ya tawi kuanguka juu ya ua wake. Kimepakwa nta nchani, kimeandikwa tarehe kwa penseli, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mdogo wangu anakiweka kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu zake kando ya tarehe. Mwezi uliopita kilipungua gramu 11, mwezi huu 4. Kabla ya kukirudisha rafuni hukiweka shavuni, na siku hizi ananiambia alichosikia.